Malezi ya Mtoto Mwenye Ugumu wa Hisi katika Mwambao wa Kabezi na Rumonge

Binadamu huupokea ulimwengu kupitia milango ya fahamu, na ijapokuwa shuleni watoto hufundishwa kwamba milango hiyo ni mitano, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, wataalamu wa ukuaji wa mtoto huongeza mingine mitatu isiyoonekana kwa nje, ambayo bila hiyo hakuna anayeweza kusimama, kutembea wala kujua kwamba ana njaa. Wa kwanza ni hisi ya mizani, ambayo makao yake yamo ndani ya sikio na ambayo huuarifu ubongo kama kichwa kimeinama, kinazunguka au kimetulia. Wa pili ni hisi ya misuli na viungo, inayomwezesha mtu kujua mkono wake uko wapi hata gizani na kulishika yai bila kulivunja. Wa tatu ni hisi ya ndani ya mwili, iletayo habari za njaa, kiu, haja na maumivu ya tumbo. Habari za milango yote hii huufikia ubongo kwa pamoja, nao hauna budi kuzichambua, kuzinyamazisha zisizo na maana, kuziunganisha zinazohusiana, kisha kuamua mwili utende nini. Kazi hiyo ndiyo iitwayo uchakataji wa hisi, na mtoto ambaye ubongo wake huifanya kwa shida, kiasi cha kuvurugika kula kwake, kulala, kuvaa, kucheza na kusoma, ndiye anayezungumziwa katika mhadhara huu.

Katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, kuanzia Kabezi kupitia Magara na Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, mtoto wa namna hiyo hupewa majina mengi kabla ya kuangaliwa. Huitwa mkaidi anapokataa kuvaa sare, hudhaniwa amedekezwa anapotema chakula, huhesabiwa mtukutu anapogonga wenzake na kupanda kila kinachopandika, na akizidi kupiga kelele sokoni, wapo watakaonong'ona kwamba amelogwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tabia ya mtoto huyo inapaswa kusomwa kwanza kama habari kuhusu mwili wake, na ndipo, baada ya mwili kueleweka, isomwe kama habari kuhusu adabu yake. Mpangilio huu wa nini kitangulie ni jambo la uzito, kwa sababu mzazi anayeanza na adabu huchukua fimbo, na fimbo humwongezea mtoto maumivu juu ya maumivu aliyokuwa akijaribu kuyakimbia.

Wavuvi wa ziwa hili watauelewa ugumu huu kwa mfano wa macho ya wavu. Wavu wenye macho madogo mno hunasa kila kitu, ndagala, yaani dagaa, pamoja na vifaranga, majani na takataka, mpaka hauinuliki. Wenye macho makubwa mno huwaachia samaki wapite, ukavutwa mtupu. Yuko mtoto ambaye ubongo wake hunasa kila mguso, kila sauti na kila harufu kwa nguvu ileile, hata mshono wa shati ukamchoma na mlio wa pikipiki ukamtisha kama radi. Huyu huitwa mwepesi wa hisi. Yuko mwingine ambaye habari humpita bila kunaswa, akaitwa mara tatu asigeuke, akajikata kidole asilie, akatembea siku nzima na kamasi usoni asitambue. Huyu ni mzito wa hisi. Yuko na wa tatu, ambaye kwa kuwa kinachomfikia hakimtoshi, hukitafuta kwa bidii, akiruka, akijibamiza ukutani, akitafuna kola ya shati na kuwakumbatia wenzake kwa nguvu hadi walie. Mbali na hao watatu, kuna watoto ambao kiasi cha habari kinawafikia vizuri ila hawawezi kuzitofautisha au kuzigeuza kuwa mwendo uliopangwa, na hao ndio wanaochelewa kufunga vifungo, kushika kalamu na kudaka mpira. Tena mtoto mmoja huyohuyo anaweza kuwa mwepesi kwa sauti na mzito kwa maumivu, jambo linalowachanganya wazazi na kuwafanya waamini kwamba anajifanya.

Aliyeuweka msingi wa fikra hizi ni A. Jean Ayres, Mmarekani aliyeishi kati ya mwaka 1920 na 1988, ambaye alikuwa mwanasaikolojia na pia mtaalamu wa tiba-kazi, taaluma ya afya inayomsaidia mtu mwenye ugonjwa au ulemavu kuzimudu shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kuandika. Katika kitabu chake cha mwaka 1972 alieleza kwamba baadhi ya watoto wanaoshindwa masomo hawana upungufu wa akili, bali ubongo wao haujafaulu kuziunganisha habari za mguso, mizani na misuli. Mwaka 1997 Winnie Dunn, naye wa taaluma hiyohiyo, aliongeza jambo lenye manufaa makubwa kwa wazazi: kwamba pamoja na kuuliza mtoto anahisi kwa wepesi au kwa uzito, ni lazima kuuliza pia anafanya nini na hali hiyo, kama anakaa kimya akiistahimili au anajitahidi kuikimbia na kuitafuta. Mtoto anayestahimili kimya ndiye anayesahauliwa, maana hasumbui mtu, na hapa mwambaoni, ambako utulivu wa mtoto husifiwa kama malezi mema, kusahauliwa huko ni kwepesi zaidi.

Ni haki wasikilizaji wajue kwamba wataalamu hawakubaliani juu ya yote haya. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kiliwashauri wanachama wake wasiutaje ugumu wa hisi kama ugonjwa unaojitegemea, kwa kuwa mara nyingi huambatana na hali nyingine, hasa usonji, yaani tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano ya mtoto na watu. Mwaka uliofuata mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili uliuingiza wepesi na uzito wa hisi miongoni mwa dalili za usonji, lakini haukuupa jina la peke yake. Kisha mwaka 2022 yakachapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililohusisha watoto 138 wenye usonji, ambapo tiba ya Ayres iliyotolewa na wataalamu haikuonyesha faida iliyozidi huduma za kawaida. Ubishi huo haumwondolei mtoto maumivu yake, wala haufuti kazi ya mama anayemwosha kila asubuhi akiwa analia. Unachofanya ni kumwondolea mzazi wa Kabezi hofu kwamba mtoto wake anapotea kwa sababu hapa hakuna vyumba vya bembea na mito laini kama vya miji ya Ulaya. Kilicho na maana zaidi ni watu wanaoishi na mtoto kumwelewa na kuyarekebisha mazingira yake, na hilo halingoji vifaa.

Kabezi yenyewe ina sababu ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Katika mji huu mdogo ulio kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya taifa ya RN3, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, lilifungua mwaka 2006 kituo cha dharura za uzazi, ambacho magari yake yaliwafuata kinamama waliokwama katika vituo vya afya vya milimani na kuwaleta wajifungue salama bila malipo. Tathmini ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba vifo vya uzazi katika eneo lililohudumiwa vilikuwa 208 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati makadirio ya taifa yalikuwa 800, yaani upungufu wa asilimia 74. Watoto njiti nao, yaani waliozaliwa kabla ya mimba kutimiza wiki 37, walitunzwa katika hospitali ya Kabezi kwa mbinu zisizo na mashine ghali, na taarifa iliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Public Health Action ilionyesha kwamba kati ya watoto 437 waliopokelewa mwaka 2011 na 2012, wale waliozaliwa kabla ya wiki 32 walitoka hospitalini hai kwa asilimia 62, na wale wa wiki 32 hadi 36 kwa asilimia 87. Kwa hospitali ya wilaya ya vijijini hayo ni mafanikio makubwa, na yanastahili kutajwa kwa heshima kila yanapotajwa.

Lakini kuokoka si mwisho wa habari. Miezi mitatu ya mwisho ya mimba ndiyo ambayo nyaya za ubongo zinazobeba habari za hisi hujiunga na kuimarika, zikiwa gizani, katika maji yenye joto, huku mwili wa mama ukizuia kelele na mishtuko. Mtoto njiti huitoka hali hiyo mapema, akakutana na taa, sauti kali, sindano za kisigino na mpira wa kulishia uliopitishwa puani, wakati ubongo wake haujawa tayari kwa lolote kati ya hayo. Tafiti za nchi mbalimbali zimeona kwamba watoto njiti hupata ugumu wa hisi mara nyingi zaidi kuliko waliozaliwa kwa wakati, na wale waliokosa hewa wakati wa kuzaliwa nao wamo katika hatari ya matatizo ya ukuaji wa ubongo. Si kila njiti atakuwa hivyo, na si kila mwenye ugumu wa hisi alikuwa njiti. Hata hivyo, watoto waliotoka Kabezi hai mwaka 2011 na 2012 sasa ni wanafunzi wakubwa, na ni jambo la busara kudhani kwamba miongoni mwao wamo waliokwisha kuadhibiwa darasani kwa makosa ambayo chanzo chake kilikuwa chumba cha watoto njiti.

Mbinu mojawapo iliyotumika kuwatunza watoto njiti, ya kumfunga mtoto kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ambayo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 chini ya Dkt. Edgar Rey Sanabria, na ambayo mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri ianze mara tu mtoto anapozaliwa, ni somo tosha kuhusu hisi. Mtoto aliye kifuani hupata joto, mkandamizo wa sawasawa mwilini, harufu ya mama, mapigo ya moyo anayoyafahamu na mwendo wa polepole wa pumzi. Mama wa mwambao anapomhamishia mgongoni na kumfunga kwa kitenge, akafagia uwanja na kuchota maji naye, humpa habari hizohizo kwa miezi mingi. Anayewaambia kinamama vijana kwamba mbeleko ni ya kishamba, na kwamba kigari cha kusukuma ndio ustaarabu, anawanyang'anya chombo ambacho wazazi wa kwingine hukinunua dukani kwa bei kubwa.

Sasa ni vyema kuingia ndani ya nyumba, kwa kuwa huko ndiko siku inakoshindwa au kushinda. Kuoga asubuhi ni mtihani wa kwanza. Maji yametoka kwenye kidumu yakiwa baridi, mama ana haraka kwa sababu hiace ya Bujumbura inapita, naye humshika mtoto mkono mmoja na kwa mkono mwingine humrushia maji usoni, kisha humsugua kwa dodoki huku mtoto akijipinda na kupiga mayowe. Kwa mtoto mwepesi wa mguso, mguso hafifu na wa ghafla, kama tone la maji au ncha za vidole, huamsha hali ya hatari mwilini, ilhali mguso mzito na wa taratibu huituliza. Kwa hiyo mambo machache hubadilika: maji huwekwa juani tangu jana yake au huchanganywa na ya moto, mtoto huambiwa sehemu ya mwili itakayofuata kabla ya kuguswa, kuosha huanzia miguuni na kupanda juu, kichwa kikabaki mwisho na kikamwagiwa maji na mtoto mwenyewe kwa kikombe chake, kitambaa hupitishwa kwa kukandamiza badala ya kuparuza, na mwili hukaushwa kwa kufungwa ndani ya kitenge na kubanwa kwa mikono miwili hadi pumzi itulie. Hakuna kati ya hayo linalogharimu faranga, ingawa yote hugharimu dakika, na dakika ndizo mama wa mwambaoni asizokuwa nazo. Ndiyo maana ni haki wengine wa nyumbani, baba, shangazi, kaka mkubwa, wafundishwe kumwogesha mtoto hivi na wafanye hivyo, asiachiwe mama peke yake.

Mlo ni jambo zito zaidi, kwa sababu katika nchi hii kukataa chakula si suala la upendeleo tu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba asilimia 56 ya watoto wa Burundi walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani urefu wao ulikuwa chini ya unaostahili umri wao kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu. Mtoto anayekataa maharage na samaki katika hali hiyo hupoteza kile ambacho mwili wake hauwezi kukipata kwingine. Ndagala, ambaye ndiye protini na chokaa ya mifupa ya maskini kutoka Kabezi hadi Nyanza-Lac, humletea mtoto mwepesi wa hisi mambo manne kwa wakati mmoja: harufu kali, uchungu kidogo wa kichwa, vimifupa vinavyochoma ulimi na macho yanayomtazama kutoka kwenye sahani. Ugali wa muhogo nao hunata vidoleni na kwenye kaakaa. Kumziba pua na kumsindilia chakula, kama inavyofanyika katika nyumba nyingi kwa nia njema, ni hatari, maana chakula kinaweza kuingia njia ya hewa, na hata kisipoingia, mtoto hujifunza kwamba mlo ni mahali pa kukabwa.

Njia iliyo salama ni ya polepole. Ndagala wakavu hukaangwa bila mafuta, wakatwangwa na kuchekechwa hadi wawe unga laini, na unga huo ukatiwa kwa kiasi kidogo katika uji wa soya, mahindi na mtama ambao mtoto ameshauzoea, ukaongezwa juma baada ya juma. Mtoto asidanganywe kwamba hakuna kilichoongezwa, kwa kuwa akigundua huukataa na uji wenyewe. Kando yake, samaki mzima huwekwa mezani bila amri ya kuliwa, ili mtoto amzoee kwa macho, kisha kwa pua, kisha kwa kidole, na baadaye kwa ulimi. Mawese ya Rumonge, yenye vitamini A, hulainisha chakula kikavu na wapo watoto ambao huanza kukubali muhogo kwa sababu yake. Kumpa mtoto kijiko kidogo, ili ugali usimshike mkono, si kuvunja mila; ni kumruhusu akae na wenzake kwenye sinia moja.

Kuhusu mavazi maneno machache yanatosha: sare mpya ya kaki ifuliwe mara kadhaa kabla ya shule kufunguliwa, lebo za shingoni zikatwe, na fulana laini ya mitumba ivaliwe ndani, mshono ukiwa nje.

Sauti ni kubwa katika miji ya mwambao, na haziwezi kuzimwa zote. Rumonge ina jenereta, mashine za kusaga, pikipiki, adhana, spika za makanisa na muziki wa maduka, na hakuna mzazi atakayeuambia mji unyamaze. Anachoweza ni kumwezesha mtoto ajue kelele inakuja, kwa kuwa sauti inayotarajiwa huumiza kidogo kuliko ya ghafla. Kumruhusu azibe masikio bila kukemewa. Kumvika kofia ya sufu au kilemba. Na kufika arusini mapema, kabla ya spika kuwashwa, ili mtoto achague mahali pa kukaa kando karibu na mlango. Sauti ambayo mtu anaitoa mwenyewe ubongo huipunguza makali, na hiyo ndiyo sababu mtoto anayekimbia spika anaweza kupenda ngoma ikiwa ni yeye anayeipiga. Warundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2014, wana hapo mlango ambao watoto wengi wa ulimwengu hawana.

Mtoto anayetafuta hisi, na yule mzito, huhitaji kazi za mwili, na siku ya mwambaoni imejaa kazi hizo: kubeba kidumu cha lita 5, kutwanga muhogo mkavu, kusukuma gurudumu la mkokoteni, kusaidia kuvuta kamba ya mtumbwi unapopandishwa mchangani. Kuvuta, kusukuma na kubeba huzipa misuli na viungo habari nzito zinazomtuliza mtoto, na dakika chache za kutwanga kabla ya kukaa darasani humsaidia kuliko kuambiwa mara kumi atulie. Hata hivyo, kuna mpaka ambao hauna budi kusemwa waziwazi. Kazi hiyo iwe ya umri wake, ya muda mfupi, na kwa faida yake. Mtoto anayesukuma mtambo wa kukamua mawese kutwa nzima anatumikishwa, na hakuna nadharia ya hisi inayoweza kulitakasa hilo. Ziwa nalo humvuta sana mtoto wa namna hii, kwa kuwa maji humkandamiza mwili mzima sawasawa, lakini ndilo lenye kichocho, mamba na viboko, na mtoto asiyehisi baridi wala uchovu huogelea mbali asikoweza kurudi. Mtoto mzito wa maumivu vilevile akaguliwe mwili kila jioni, nyayo, vidole na masikio, kwa maana kidonda alichokipata mchana hatakitaja.

Kabla ya kuitaja hisi, mzazi ahakikishe hakuna jambo jingine. Mtoto asiyeitika aweza kuwa kiziwi, au masikio yake yana usaha. Anayekula udongo aweza kuwa na upungufu wa damu na madini ya chuma au minyoo. Anayetumbua macho na kupotewa na fahamu kwa sekunde kadhaa aweza kuwa na kifafa. Na mtoto aliyekuwa akisema maneno kisha akayaacha anapaswa kupelekwa kwa daktari bila kungoja. Hapa ndipo suala la kulogwa linapoleta madhara. Wazazi wanaokwenda kwa sheikh, kwa mchungaji au kwa mganga wanatafuta msaada walikouzoea, na dua si adui wa mtoto. Adui ni miezi inayopotea, na zaidi ya hiyo ni kumfunga mtoto kamba, kumnyima chakula, kumchanja chale na kumfukiza moshi, ambayo kwa mtoto mwepesi wa hisi ni mateso makubwa. Viongozi wa dini wa Kabezi na Rumonge wanaweza kuokoa watoto wengi kwa sentensi moja ya Ijumaa au Jumapili inayosema kwamba mtoto huyu aombewe na apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Sentensi hiyo ingemwondolea pia mama lawama, kwa kuwa katika nyumba nyingi mama mkwe na majirani humtafuta mwenye kosa, na kosa humwangukia aliyezaa.

Baba wa mwambao mara nyingi huvua usiku kwa taa na kulala mchana, na mtoto mwenye hisi nyepesi huamshwa na kurudi kwake alfajiri, kisha hukatazwa kucheza asije akamwamsha. Nyumba ya chumba kimoja haina suluhisho kamili la jambo hilo, ila zipo siku katika kila mwezi, mwezi unapokuwa mpevu na taa za wavuvi kutofaa, ambapo baba hulala nyumbani kama watu wengine. Siku hizo ni wakati mwafaka wa yeye kumwosha mtoto, kumlisha na kujionea kile ambacho mkewe amekuwa akimweleza.

Upande wa shule, sheria haikosekani: Burundi iliridhia mwaka 2014 mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 10 Januari 2018 ikatunga sheria yake ya kukuza na kulinda haki hizo. Kilichokosekana ni mwalimu kuelezwa afanye nini na mtoto mmoja kati ya wengi waliobanana kwenye madawati. Mambo anayoweza kuyafanya bila kuongezewa kitu ni kumweka mtoto mwepesi mwishoni mwa benchi, upande wa ukuta, ambako ataguswa na mwenzake mmoja tu; kumtanguliza au kumchelewesha kutoka mlangoni ili asipite katikati ya msongamano; kumtuma mtoto anayetafuta hisi akafute ubao na kubeba madaftari; kumruhusu asimame anapoandika; na kumgusa begani kwa mkono mzito baada ya kumwita jina, kamwe si kumshtua kwa nyuma. Wataalamu wa tiba-kazi wa kumshauri mwalimu huyo ni wachache mno, ingawa taaluma hiyo inafundishwa kwingine Afrika Mashariki, kwenye chuo cha hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, na kwenye vyuo vya Kenya na Uganda. Mjini Bujumbura kituo cha Akamuri huwapokea watoto wenye ulemavu wa akili, na kituo cha Kamenge hutibu magonjwa ya akili na ya neva, lakini mtoto mwenye ugumu wa hisi ambaye akili yake ni timamu hana mahali palipoandikwa jina lake, na nauli ya kutoka Rumonge kwenda kuulizia ni mzigo kwa familia ya mvuvi.

Kwa sababu hiyo pendekezo la mhadhara huu linaelekezwa kwa vituo vya afya vilivyopo. Hospitali inayomruhusu mtoto njiti aende nyumbani iweke daftari la majina ya watoto hao, na jina likabidhiwe kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji, ambaye kwa Kirundi ni miongoni mwa abaremeshakiyago na ambaye tayari hupita nyumba kwa nyumba. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18, na siku hizo mbili mama huja mwenyewe bila kuitwa. Muuguzi akiisha kumchoma mtoto sindano, amwulize mama kama mtoto hulia anapoogeshwa kuliko wenzake, kama hutapika au kukataa chakula chenye chembechembe, kama hushtuka kwa sauti ndogo au hageuki kwa sauti kubwa, na kama huweza kutulizwa kwa kubebwa na kubanwa. Majibu yaandikwe kwenye kadi ileile ya chanjo, masikio na macho yapimwe pale majibu yanapotia shaka, na mama aonyeshwe papo hapo, kwa mikono, jinsi ya kumwosha mtoto kuanzia miguuni. Mafunzo ya muuguzi kwa kazi hiyo hayazidi siku chache, na hospitali ya Kabezi, kwa historia yake ya watoto njiti, ndiyo inayofaa kuanza.